TEZI YA SHINGO HUCHOKA KIMYA KIMYA

Weka vidole viwili shingoni, chini kidogo ya kongomeo. Sasa meza mate. Je, umesikia kitu kinapanda na kushuka? Hapo ndipo ilipo tezi ya shingo. Ni ndogo, nayo imelala juu ya koo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Hutengeneza kichocheo kinachoingia katika damu. Kichocheo hicho huufanya moyo upige vizuri, mwili upate joto na akili ya mtoto ikue.

Ili ifanye kazi, tezi huhitaji madini joto. Ni kidogo mno: yale anayohitaji mtu maisha yake yote hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini yakikosekana, tezi huvimba ikiyatafuta. Uvimbe huo ndio rovu. Madini joto ni mengi baharini, na ni machache katika nchi za milima, kwa sababu mvua za miaka mingi zimeyasomba kutoka kwenye udongo. Mabira, katika Wilaya ya Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni nchi ya milima na iko mbali sana na bahari. Ndizi na maharage ya huko ni chakula kizuri, lakini hayawezi kukupa kitu ambacho udongo wenyewe hauna.

Rovu kubwa kila mtu analiona sokoni. Leo tuzungumze juu ya tezi iliyoanza kuchoka wakati shingo bado haijavimba.

Fikiri juu ya mwenyekiti wa kitongoji anayepiga ngoma kuwaita watu kulima barabara. Zamani alipiga mara moja, watu wakaja. Siku hizi hupiga mara tatu ndipo waje. Barabara bado inalimwa, lakini mwenye masikio anajua kuna jambo. Mwili nao ni hivyo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayoiamrisha tezi ya shingo. Tezi ya shingo ikilegea, amri huongezwa. Kipimo cha damu huonyesha amri nyingi, ingawa kichocheo chenyewe bado kinatosha. Huo ndio ulegevu mdogo wa tezi.

Mwenye hali hiyo huenda asisikie lolote. Wengine huchoka bila sababu, husikia baridi wenzao wakiota jua, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nao husahausahau. Watu husema ni uvivu, ni uzee, au amerogwa. Nami nakiri kwamba dalili hizi hufanana sana na za upungufu wa damu. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha.

Ni nani hasa awe mwangalifu? Wa kwanza ni mama mjamzito. Katika miezi mitatu ya mwanzo, tezi ya mtoto aliye tumboni haijaanza kumtosheleza, na ubongo wake hutegemea kichocheo cha mama. Mama akikosa madini joto kwa kiasi kikubwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili nzito isiyorudishika kwa dawa. Ndiyo sababu hatumwambii mama asubiri tumbo lionekane. Mimba ikiingia tu, aende kliniki. Kama aliwahi kuwa na rovu, au ndugu zake wanaugua tezi, amwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Wengine ni waliopasuliwa rovu, mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, wanawake wazee, wagonjwa wa kisukari cha kutumia sindano tangu utotoni, na wanaotibiwa kifua kikuu sugu, kwa kuwa baadhi ya dawa zake huilegeza tezi. Wapo pia wanaokula vizuri, lakini askari wa mwili wao wenyewe huishambulia tezi.

Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Mganga anaweza kukuandikia barua uende hospitali kubwa. Ukikutwa na ulegevu mdogo, usishangae ukiambiwa urudi kupimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu bila kupewa dawa. Wengi hupona wenyewe. Lakini mjamzito, au mwenye amri nyingi mno, huweza kuanzishiwa vidonge. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, kabla ya kula. Subiri nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai au kahawa. Hata punje za kahawa za kutafuna, ambazo mgeni hukaribishwa nazo, zingoje. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vimezwe saa nne baadaye, maana huzuia dawa hii isiingie mwilini.

Sasa twende jikoni. Mwaka 1986 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikaamuru chumvi ya kula itiwe madini hayo. Basi nunua chumvi iliyofungwa, yenye maandishi ya madini joto. Wewe sasa unajua kusoma, yasome mwenyewe kabla ya kulipa. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze kiasi, kwa kuwa chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Wala usinywe dawa ya vidonda yenye madini joto. Na aliyepasuliwa rovu akumbuke: chumvi haiwezi kurudisha tezi iliyokatwa. Yeye apimwe.

Jadilianeni darasani: Chumvi ya nyumbani kwenu imeandikwa nini? Imewekwa wapi? Je, katika kitongoji chenu yuko nani aliyepasuliwa rovu na hajapimwa damu tangu siku hiyo?