Watawa wa Kihindu na sala iliyojibiwa baada ya miaka 27

Wakaaji wa Ankoro, pale mto Luvua unapoingia katika Lualaba mkoani Tanganyika, wanaijua Novemba 2002. Mapigano kati ya wanajeshi wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai yaliua raia, yakateketeza maelfu ya nyumba na kuwakimbiza watu porini. Aliyepitia siku kama hizo hujiuliza: Mungu anasikia? Na kama anasikia, mbona anakawia?

Wiki chache kabla ya hapo, swali hilohilo lilibisha hodi kwa watawa wa Kihindu nchini India. Jioni ya tarehe 24 Septemba 2002, watu wawili wenye silaha waliingia katika hekalu la Akshardham mjini Gandhinagar, jimbo la Gujarat, wakaua zaidi ya watu 30, wakiwemo wanawake na watoto.

Jimbo zima lilishikwa na hofu. Mapema mwaka huohuo, machafuko kati ya Wahindu na Waislamu yalikuwa yameua zaidi ya watu 1,000 huko Gujarat, na wengi walitazamia kisasi kingine. Lakini kiongozi wa watawa hao, Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa na umri wa miaka 80, hakulaumu jamii yoyote. Aliwataka waumini watulie na kusali. Alipofika hekaluni aliwaombea waliouawa, na hata washambuliaji wenyewe hakuwaacha nje ya sala yake.

Kisasi hakikutokea. Kwa watawa hao, hilo lilikuwa jibu la sala, ingawa wafu hawakufufuka.

Maisha bila mali

Watawa hao, waitwao masadhu, ni wa jumuiya ya BAPS, iliyoanzishwa India mwaka 1907 na Shastriji Maharaj. Wanafuata mafundisho ya Swaminarayan, aliyeishi kati ya mwaka 1781 na 1830. Huvaa nguo za rangi ya machungwa na huweka nadhiri tano: kutooa, kutomiliki mali, kutotawaliwa na ladha ya chakula, kuacha mafungamano ya ukoo, na unyenyekevu. Chakula chao hukichanganya pamoja katika bakuli la mbao, ili ulimi usichague kitamu.

Mtu asiye na mke, shamba wala akiba ya benki, anaomba nini? Historia yao inaonyesha kwamba wameomba mambo ambayo mwombaji mwenyewe huenda asiyaone.

Kutoka Mombasa hadi London

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj, aliyemrithi Shastriji, alikuja Kenya na kufungua hekalu mjini Mombasa. Mwaka 1970 alifika London, ambako alitamani lijengwe hekalu la mawe lenye minara. Alifariki Januari 1971, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mwaka uliofuata, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Familia nyingi zilifika Uingereza zikiwa na masanduku tu. Miongoni mwa waliojitolea baadaye kwa mali na jasho kujenga hekalu la Neasden, London, walikuwamo watu waliotoka Afrika Mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1995. Miaka minne baadaye, Agosti 1999, Nairobi nayo ikapata hekalu lake la mawe.

Sala ya jangwani

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Ghuba. Aprili 1997, Pramukh Swami alikuwa katika jangwa la Sharjah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Hapo aliomba Abu Dhabi ipate hekalu litakaloziweka karibu nchi, tamaduni na dini. Wakati huo hapakuwa na kiwanja wala ahadi.

Miaka 18 ilipita. Mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo ya Kiislamu ilitangaza kutoa ardhi. Pramukh Swami alifariki tarehe 13 Agosti 2016, ujenzi ukiwa bado kuanza. Hekalu lilifunguliwa tarehe 14 Februari 2024 na mrithi wake, Mahant Swami Maharaj, akiwa na miaka 90, mbele ya Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi. Minara yake saba inawakilisha falme saba za nchi hiyo.

Waliolijenga pia ni sehemu ya jibu. Ardhi ilitolewa na mtawala Mwislamu, msanifu mkuu wa majengo alikuwa Mkatoliki, na msimamizi wa mradi alikuwa Sikh.

Sala na haki

Kusamehe hakukufunga mlango wa sheria. Shambulio la Gandhinagar lilifika mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya India iliwaachia huru watu sita waliokuwa wamehukumiwa, kwa kuona ushahidi hautoshi. Kesi ya Ankoro nayo ilifika mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi. Mwenye kusali bado ana haki ya kudai ukweli.

Wakristo na Waislamu wa Tanganyika wana sala zao, wala hawahitaji kuazima za Wahindu. Ila watawa hawa wanawakumbusha jambo ambalo mkulima wa michikichi analijua: anayepanda huenda asinywe mafuta yake, lakini asipopanda, wajukuu hawatakuwa na cha kuvuna. Ndivyo ilivyo na sala ya amani.