Bega Linapouma: Taa Nyekundu ni Msaidizi, Siyo Mganga

Uwe fundi wa kiwandani, karani wa ofisini au mama wa nyumbani, huenda umewahi kushindwa kuinua mkono ili uchane nywele au ushushe sufuria kabatini. Ndugu zetu wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wanayajua maumivu hayo. Kulima kwa jembe katika miteremko ya Mbulu, kung'oa vitunguu saumu, kupakia magunia ya ngano kule Basotu na kubeba ndoo za maji ni kazi ambazo uzito wake huishia begani.

Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kupita vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea hakina kina; ni mfano wa chungwa juu ya kisahani. Kinachokishikilia ni misuli minne na kano zake. Kano zikichoka au zikichanika, maumivu huanza.

Siku hizi zinauzwa taa za mwanga mwekundu zisemwazo kuwa zinaponya bega. Je, pana ukweli? Tiba ya mwanga siyo jambo geni. Tabibu Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1967, huko Hungaria, Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa kwa mwanga mwekundu wa leza, akaona manyoya yao yakiota upesi. Wataalamu wanadhani kwamba mwanga huo huamsha vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, na kupunguza uvimbe.

Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa bega umeonyesha kuwa baadhi yao hupata nafuu ya maumivu kwa muda, ingawa matokeo hayalingani. Basi taa hiyo ni msaidizi tu. Tena, globu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu siyo tiba. Na ile taa nyekundu yenye joto kali ni kitu kingine, nayo huweza kuunguza ngozi. Usiitazame taa ya tiba kwa macho, wala usimulike mahali penye saratani. Kama unatumia dawa zinazofanya ngozi idhurike na mwanga, muulize daktari kwanza.

Kinachorudisha nguvu za bega ni mazoezi. Inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie na kuzunguka polepole. Kisha simama mbele ya ukuta, upandishe vidole kidogo kidogo mpaka pale utakapoweza. Fanya hivyo kila siku bila kujilazimisha. Mwenye kuufungia mkono wake kwa hofu ya maumivu aweza kukuta bega limeganda, nalo huchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kulegea. Wenye kisukari hupatwa na hali hiyo zaidi. Yafaa wapime sukari.

Kabla hujatoa mshahara wako kununua taa, nenda kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wataalamu hao hufundishwa hapa nchini, katika KCMC huko Moshi. Aliyeko Mbulu anayo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955. Na aliyeko Hanang aanzie hospitali ya wilaya pale Katesh.

Lakini usingoje hata siku moja ikiwa bega limepinda baada ya kuanguka, lina joto na una homa, au mkono umekufa ganzi. Na maumivu ya bega yanayoandamana na kubanwa kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi huenda yakawa ya moyo. Hapo taa haina kazi, kimbilia hospitali.