Kisukari katika Kijiji cha Mtakatifu Kateri

Wakristo wengi walijua jina la Mtakatifu Kateri Tekakwitha, binti wa taifa la Wamohawk, aliyefariki mwaka 1680 na kutangazwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Benedikto XVI mwaka 2012. Masalia yake yanatunzwa katika kanisa la Kahnawake, kijiji kilicho ng’ambo ya mto, kuelekea mji wa Montreal, nchini Kanada. Alipokuwa mtoto, ndui iliwaua wazazi wake, ikamwachia yeye makovu usoni. Siku zetu hizi watu wa kijiji hicho wamepatwa na adui asiyeacha alama usoni, nao ni ugonjwa wa kisukari.

Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wawili wa hapo, Ann Macaulay na Louis Montour, ambaye mwenyewe ni Mmohawk, walichungua hesabu za wagonjwa wao. Wakaona kwamba kisukari kiliwapata watu wazima wa Kahnawake yapata mara mbili kuliko Wakanada wengine. Hawakuifungia habari hiyo kabatini. Waliwaeleza wanakijiji, na wazee wakataka lifanyike jambo kwa ajili ya watoto.

Kazi ilianza mwaka 1994 katika shule za msingi. Wataalamu wa chuo kikuu walikuja, lakini si kama mabwana. Mwaka 1995 iliandikwa kanuni ya uchunguzi: wanakijiji washauriwe tangu mwanzo, matokeo yaelezwe kwao kabla ya kuchapishwa, na wasipoafikiana na wataalamu, maoni ya pande zote mbili yatolewe. Nani kati yetu aliyepata kusikia mgeni mwenye daftari akiahidi hayo?

Kwa Wamohawk ukoo hufuata upande wa mama. Basi mwalimu atakaye mtoto aache soda na vitamu hana budi kupita kwa mama na bibi, ambao mtaalamu wa mbali hawajui hata majina. Na udugu huu si pambo tu. Mwaka 1979 Berkman na Syme walitangaza habari za watu wa California: waliokosa ndoa, jamaa, marafiki na ushirika wa kanisa au chama walikufa mapema kuliko wenzao.

Tusidanganyane, muujiza haukutokea. Vipimo vya kwanza vya mafuta chini ya ngozi ya watoto vilitia moyo, ila uzito wao haukushuka kama ilivyotumainiwa. Hata hivyo habari hiyo nayo ilitangazwa waziwazi, na kazi haikuachwa.

Nasi tunao Batwa wetu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na katika miaka hiyo walitolewa msituni, mahali walipopata nyama, asali na dawa. Jamaa zikatawanyika pembezoni mwa mashamba ya wengine. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawatambulia haki zao, pamoja na haki ya kutibiwa. Lakini ni nani atakayehesabu homa na njaa za kambi zao? Wamo vijana wa Kitwa waliosoma. Wao washike daftari, waulize katika lugha ya nyumbani, na majibu yasomwe kwanza mbele ya mama zao, ndipo yapelekwe Bukavu.