Mbwa mkali wa getini na wiki 14 za mwanzo

Kwenye mageti ya Mikocheni, Nyali na Kileleshwa kibao ni kile kile: tahadhari, mbwa mkali. Ndani yupo mbwa anayeshinda mnyororoni na kufunguliwa usiku, ambaye sahani yake husogezwa kwa mti wa fagio kwa sababu hakuna anayethubutu kumkaribia. Mwenye nyumba anajivunia ulinzi. Daktari wa mifugo akisimama mbele ya mbwa huyo husoma habari nyingine: masikio yamelazwa nyuma, mkia umebanwa chini ya tumbo, uzito wote uko kwenye miguu ya nyuma ilhali meno yako nje. Huyo ni mnyama mwenye hofu, na hofu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazomfanya mbwa aume. Anayeumwa mara nyingi ni mtu wa nyumbani humo humo: mtoto, dada wa kazi, shangazi aliyekuja kusalimia.

Hofu hiyo hupandwa utotoni. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye, na kufikia wiki ya tatu anaanza kujikongoja kuelekea kila kinachosogea. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 au 14 ubongo wake hujifunza jambo moja kubwa: kipi ni cha kawaida katika maisha haya na kipi ni cha kukimbiwa. Mwanzoni udadisi huishinda hofu. Kwenye wiki ya tano hofu huanza kupanda taratibu, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo kila kigeni kinavyozidi kuhesabiwa kuwa hatari.

Jambo hili lilipimwa katika Maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1961 watafiti Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha kwenye jarida la Science jaribio ambalo leo pengine lisingepewa kibali. Walilea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakiwa na mama zao, bila kumwona binadamu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu kukaa na watu, kila kundi kwa umri wake: wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa. Kisha wote wakarudishwa uwanjani na kupimwa walipofika wiki ya 14. Wale walioonja kukaa na watu katikati ya kipindi hicho waliwazoea vizuri. Wale ambao hawakutolewa kabisa walikuwa kama wanyama wa porini, wakimkimbia mtu kama anavyokimbia mbweha. Mama yao alikuwepo na walishiba. Walichokosa ni watu, wakati ubongo ulipokuwa ukiwasubiri.

Wakubwa wa kazi hiyo ya Bar Harbor, John Paul Scott na John Fuller, walichapa kitabu chao mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kulinganisha mbwa wa aina tano. Moja ya aina hizo ilikuwa basenji, mbwa wa asili ya Bonde la Kongo ambaye habweki kama mbwa wengine. Watoto wa basenji wakiwa na wiki tano walikuwa waoga kupita wenzao: walikimbia, walipiga kelele, walijaribu kuuma. Msomaji mwenye mbwa wa kienyeji huenda anatikisa kichwa kwamba ndivyo walivyo, damu haibadiliki. Lakini basenji hao walipoanza kushikwa na kuchezewa kila siku, hofu hiyo ilipungua upesi. Damu ina sehemu yake, sibishi. Ila mbwa wetu wa kienyeji wanasingiziwa ukali wa kuzaliwa wakati hakuna mtu aliyewahi kuwapakata.

Kumzoesha maana yake nini, basi? Maana yake ni kumkutanisha na maisha yatakayokuwa yake, kwa dozi ndogo, huku akiwa ametulia. Bodaboda inayopita na mwendeshaji aliyevaa kofia ngumu. Mzee mwenye mkongojo, mama aliyejitanda khanga, mwanamke mwenye nikabu, mlinzi mwenye rungu, watoto wanaokimbia na kupiga kelele. Mvua juu ya bati. Mashine ya kusaga, jenereta, honi ya daladala, adhana ya alfajiri. Mbuzi na kuku, ambao asipowazoea sasa atakuja kuwafukuza akiwa mkubwa. Kila kimoja kikitokea kwa mbali na kufuatiwa na kipande cha dagaa, kijibwa hukiweka upande wa mambo mema. Akijikunyata au akikataa kula, umemsogeza karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa, usimlazimishe. Kumshika kwa nguvu mbele ya kitu anachokiogopa ili azoee ndiyo njia ya haraka ya kumfanya akiogope maisha yake yote.

Hapo ndipo chanjo inapoleta utata. Virusi vya parvo, vinavyosababisha kutapika na kuharisha damu, huua watoto wengi wa mbwa na vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16. Ushauri wa zamani ulikuwa kumfungia kijibwa ndani hadi chanjo zikamilike. Ukiufuata, unamtoa mtoto aliyekingwa na parvo ambaye muda wake wa kuzoea umeshapita. Mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mafunzo yaanze mapema, hata wiki ya saba au ya nane, mradi chanjo ya kwanza imeshatolewa angalau siku saba kabla. Kwa mazingira yetu, ambako mbwa koko wamejaa mitaani, njia ya busara ni kumbeba. Mweke kwenye kikapu au mikononi, mpeleke hadi dukani, aone na asikie, bila kukanyaga palipo na kinyesi cha mbwa wengine. Nyumbani kwa jirani mwenye mbwa aliyechanjwa anaweza kushuka na kucheza.

Usimchukue kabla ya wiki ya nane. Vijibwa vinavyouzwa barabarani ndani ya maboksi, macho bado ya buluu, vimenyimwa mwalimu wao wa kwanza. Akiwa na ndugu zake mtoto wa mbwa hujifunza nguvu ya taya: akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Meno 28 ya utotoni ni makali kama sindano, yanaumiza bila kuvunja. Ukimchukua katika wiki ya nane endelea na somo hilo hilo. Akikung'ata, acha kucheza, simama, geuka, mpe kitambaa kilichofungwa fundo akitafune. Anapofika miezi minne hadi sita meno hayo hung'oka na nafasi yake kuchukuliwa na meno 42 ya ukubwani, na fizi zinapomuwasha atatafuna zaidi. Ficha viatu. Hakuna somo hapo, ni busara tu.

Suala la fimbo linastahili muda. Wengi hatuna chuki na mbwa, tunaamini tu kwamba mnyama asiyechapwa hajui bwana wake ni nani. Imani hiyo ilipata nguvu kutoka kwenye utafiti wa mbwa mwitu. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao walipigana wakigombea ukubwa. Ikaonekana kwamba kila kundi lina mbabe, na kwamba mfugaji naye lazima awe mbabe. David Mech, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliisambaza hoja hiyo, aliwafuatilia baadaye mbwa mwitu walio huru na mwaka 1999 akaandika kuirekebisha: kundi la kawaida porini ni baba, mama na watoto wao. Wale wa Basel walikuwa wageni waliorundikwa pamoja. Mech amesahihisha. Mitaani bado hatujasikia.

Kinachomfundisha mbwa ni matokeo ya kitendo chake, tena matokeo ya papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Mfano mzuri uko Morogoro, tena hauhusu mbwa. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya hao huanza kushikwa na watu wakiwa wadogo sana, wakazoeshwa sauti na harufu za binadamu. Kisha hufundishwa kwamba mlio wa kibonyezo humaanisha kipande cha ndizi kinakuja. Panya akinusa sawasawa, mlio husikika papo hapo na chakula hufuata. Magawa, panya aliyezaliwa Morogoro, alitambua mabomu 71 ya ardhini nchini Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza. Hakuna aliyemchapa panya ili anuse bomu. Kama kiumbe mwenye ubongo mdogo kiasi hicho hufunzwa kwa ndizi, kijibwa anayekutazama usoni asubuhi hadi jioni hatashindwa kujifunza kukaa kwa dagaa.

Fimbo nayo imepimwa. Mwaka 2020 Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, baadhi zikitumia zawadi, nyingine zikitumia kelele, kuvuta mnyororo na adhabu. Mbwa wa shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za mfadhaiko, na kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Baadaye, nje ya shule, walipowekewa bakuli mahali ambapo haikuwa wazi kama lina chakula au ni tupu, mbwa waliozoea adhabu nyingi walilikaribia polepole zaidi, kana kwamba hawakutarajia jema.

Kuna hoja ambayo kila mfugaji huitoa: “Anajua kabisa alichokosea, mtazame uso wake.” Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliijaribu kwa mbwa 14. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao ameiba chakula, wakati mwingine kwa kweli na wakati mwingine kwa uongo. Ule uso wa hatia ulitokea pale mwenye mbwa alipomkaripia, awe ameiba au hakuiba. Mbwa alikuwa akijibu sauti na sura ya bwana wake. Kwa hiyo ukikuta mkojo sebuleni na kumsugua pua ndani yake, hajifunzi chochote kuhusu sebule, anajifunza kwamba wewe hutabiriki. Mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, simama naye kimya hadi ajisaidie, kisha mpe dagaa hapo hapo, kabla hamjarudi ndani. Dagaa wawe wasio na chumvi, au tumia maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikamchoma tumboni.

Familia nyingi za pwani hufuga mbwa kwa ulinzi huku zikishika kwamba mate yake ni najisi. Hakuna kinachoharibika. Zawadi inaweza kurushwa chini badala ya kulishwa mkononi, sauti ya upole inatosha mahali pa kulambwa, na mbwa anaweza kuwa na eneo lake la ua na kibanda chake. Kinachohitajika ni watu kuwa karibu naye kila siku bila vitisho, na usingizi wa kutosha, maana mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku na asipolala huwa msumbufu kweli kweli.

Je, mbwa aliyelelewa hivi atalinda? Atabweka mtu akigusa geti usiku. Tabia hiyo hujitokeza yenyewe kadiri anavyokaribia utu uzima, na mwizi huogopa kelele kwanza. Tofauti ni kwamba ukimwambia basi, atasikia, na fundi wa umeme atarudi kwake mzima.

Afya ya jamii nayo imo humo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa ndio chanzo cha asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Ugonjwa hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa, na Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza wa mwaka 2014 hadi 2030. Siku ya chanjo kijijini, mbwa anayeletwa na mtoto kwa kamba huchomwa sindano kwa dakika moja. Yule mkali wa mnyororoni, asiyeshikika hata na mwenyewe, hubaki nyumbani bila chanjo, na huyo ndiye anayeuma. Mwulize afisa mifugo wa kata kuhusu Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo maeneo mengi huchanja bure. Kijibwa wa miezi mitatu yuko tayari.

Na jino likitoboa ngozi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Usisite hata kama jino hilo ni la kijibwa wako mwenyewe aliyekuwa anacheza, endapo bado hajachanjwa. Watoto wa mbwa nao huugua kichaa.