Mchukuzi wa Chuma

Damu yetu ina madini ya chuma. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu, kama uzito wa msumari mmoja mdogo. Lakini chuma kikipungua, mtu huchoka upesi na kuhema. Mama mjamzito huweza kupoteza maisha anapojifungua.

Chuma hakitembei peke yake katika damu. Kikiwa huru hudhuru mwili, na vijidudu vya maradhi hukitumia kukua. Kwa hiyo kina mchukuzi wake. Mchukuzi huyo ni protini iitwayo transferini, nayo hutengenezwa na ini. Ina sehemu mbili, kama viganja viwili. Kila kiganja hufumba punje moja ya chuma, ndogo mno, haionekani kwa macho.

Mzigo huo hutoka katika chakula: maini, nyama, dagaa, maharage. Ukila maharage, kula na chungwa. Chai isubiri, maana inazuia chuma kisiingie mwilini.

Mchukuzi hufika kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe hai za uboho humvuta ndani pamoja na mzigo. Humo mna uchachu kidogo. Uchachu huo hufumbua viganja, chuma kikatoka. Mchukuzi hurudi katika damu mikono mitupu, akatafute mzigo mwingine.

Huko Marekani, wataalamu wameufanya mpunga utengeneze transferini ya binadamu. Mpunga huo si wa wali! Transferini hutolewa katika punje zake, ikalishe chembe hai zinazokuzwa katika maabara za kutengeneza dawa. Zamani ilitolewa katika damu ya watu au ya ng'ombe, na damu huweza kubeba maradhi.