Sanaa ya Sauti Nayo Ina Nafasi Ukumbini

Afisa wetu wa utamaduni anapenda sana sanaa ambayo wengi huiita kelele. Hachoki kumtaja KMRU wa Nairobi, mjukuu wa yule mwanamuziki Joseph Kamaru. KMRU hurekodi sauti za mazingira, kisha huzichanganya kwa kompyuta hadi zinakuwa muziki. Albamu yake, Peel, ilitoka mwaka wa 2020.

Mchezo wa kuigiza nao unaweza kutumia mbinu hiyo: jukwaa likiwa giza, mlio wa posho mili unatosha kukupeleka sokoni. Simu ya mkononi yatosha kuanzia.

Kuhusu ukumbi, wananchi wafahamu kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la utamaduni na burudani ya umma. Vijana wanaoomba ukumbi kwa majaribio haya hawaombi hisani. Waandikie idara ya utamaduni.