Kabla hujafunga toki konveta ya spidi, pigia hesabu safari zako

Wenye Altezza na Mark II za otomatiki wana lalamiko moja: gari linachelewa kuondoka. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, lakini gari linavuta pumzi kwanza ndipo litoke. Hapo fundi anamwambia dawa ni kubadili toki konveta, aweke ya spidi badala ya ile iliyokuja na gari.

Ushauri huo si uongo. Ila konveta inayomfaa mtu wa mbio fupi inaweza kumuumiza dereva anayetoka Tabora kwenda Kigoma na familia nyuma na buti limejaa. Akikosea kuchagua, kinachoungua ni gia boksi nzima, tena huko njiani, mbali na fundi.

Toki konveta ni nini?

Ni bakuli la chuma lililochomelewa pande zote, linalokaa kati ya injini na gia boksi. Kwenye gari la manyuo, hapo ndipo klachi inapokaa.

Ndani yake kuna mapanga kama ya feni mbili zinazotazamana. Feni ya kwanza inazungushwa na injini na kusukuma oili. Oili hiyo inasukuma feni ya pili, ambayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia boksi. Katikati kuna feni ya tatu, ndogo, inayogeuza oili inayorudi ili isaidie badala ya kupinga. Kwa sababu hiyo, gari linapoanza kuondoka, nguvu ya kuzungusha inaweza kuongezeka hadi karibu mara mbili.

Wazo hili lilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa anatafuta namna ya kuendesha meli.

Namba muhimu ni stoli

Stoli ni mizunguko ya juu ambayo injini inaweza kufika wakati gia imeingia na magurudumu yamezuiwa. Magari mengi ya kawaida yana stoli ya kati ya 1,800 na 2,500 kwa dakika. Konveta za spidi huanzia hapo kwenda juu, nyingine zikipita 3,000.

Stoli ya juu inaiacha injini ifike haraka kwenye mizunguko yenye nguvu kabla gari halijaanza kusukumwa. Ndiyo maana gari linaruka.

Wengi hukosea hapa: stoli haitegemei konveta peke yake. Konveta ileile ikifungwa kwenye injini yenye nguvu zaidi, stoli inapanda. Kwenye injini dhaifu, inashuka. Muuzaji akisema "hii ni 2,800", swali la kwanza ni moja: 2,800 kwenye injini gani?

Anza na injini

Kanuni ni kwamba stoli ikaribie pale nguvu ya injini inapoanza kujaa. Mfano mzuri ni 1JZ-GTE, injini ya tabo inayopatikana kwenye baadhi ya Mark II na Chaser. Toleo la zamani lenye tabo mbili hufikia kilele cha nguvu ya kuzungusha kwenye mizunguko 4,800. Toleo la baadaye lenye VVT-i hufikia kilele kwenye 2,400 tu.

Jina la injini ni lilelile, lakini mahitaji ni tofauti. Mwenye VVT-i akifunga stoli ya 3,500 kwa gari la barabarani, anaruka eneo ambalo injini yake tayari ina nguvu. Analipia joto na mafuta bila faida.

Uzito wa gari na meno ya difu navyo vinaingia kwenye hesabu. Gari zito lenye difu la spidi ndefu huilazimisha konveta kuteleza zaidi.

Tabora iko juu

Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Konveta iliyopimwa 2,800 Dar itasoma karibu 2,650 Tabora. Gari likionekana zito kidogo kuliko la rafiki aliyeko Pwani, huenda konveta haina kosa lolote.

Adui mkubwa ni joto

Kila konveta inapoteleza, nguvu inayopotea inageuka joto ndani ya oili. Oili ikiungua, klachi za gia boksi zinafuata.

Gari likishika mwendo wa safari, klachi iliyo ndani ya konveta hufunga na kuteleza kunaisha. Tatizo ni barabara yenyewe. Ukitoka Tabora kupitia Urambo na Kaliua kwenda Kigoma, unakutana na vijiji na vibao vya 50. Katika mwendo huo, mara nyingi klachi ya ndani inakuwa imeachia. Wanaoelekea Singida wana mlima Sekenke, na ukikwama nyuma ya lori pale, konveta inateleza mlima mzima. Yenye stoli ya juu inateleza zaidi.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walibeba mzigo wa karibu frasila mbili, kama kilo 32. Mzigo ulipimwa kwa safari ya miezi, si kwa mbio za siku moja. Konveta nayo ichaguliwe hivyohivyo.

Kwa gari la safari lenye injini isiyo na tabo, kuongeza stoli kwa mizunguko 300 hadi 500 juu ya ile ya kiwandani kunatosha. Anayetaka zaidi ya hapo afunge kwanza rejeta ndogo ya kupoozea oili ya gia boksi.

Kabla ya kulipa

- Soma kodi ya gia boksi kwenye kibati cha gari. Konveta mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane.
- Hakikisha ina klachi ya ndani. Za mashindano nyingine hazina, na kwa safari ndefu hiyo ni hasara.
- Ogopa iliyotolewa kwenye gia boksi iliyokufa. Vyuma vilivyosagika hubaki ndani, na bila kulikata bakuli huwezi kulisafisha vizuri.
- Kama gari linateleza gia au oili inanuka kuungua, tengeneza gia boksi kwanza. Konveta mpya haiponyi ugonjwa huo.

Siku ya kufunga

Konveta inatakiwa kumiminiwa oili kabla ya kufungwa, kisha isukumwe huku ikizungushwa mpaka izame kabisa kwenye pampu ya gia boksi. Ikizama sawasawa, gia boksi hukaa kwenye injini bila kulazimishwa na hubaki nafasi ya milimita chache kati ya konveta na flaiwili.

Fundi akianza kuvuta gia boksi kwa bolti ili ikae, asimamishwe hapohapo. Konveta haijaingia vizuri, na pampu inaweza kuvunjika siku hiyohiyo.

Baada ya kufunga, oili ipimwe injini ikiwa inanguruma na ina joto, kwa oili ambayo kitabu cha gari kimetaja. Safari ya kwanza iwe ya Urambo na kurudi. Oili ikirudi na rangi yake na haina harufu ya kuungua, basi Kigoma inafikika.